Sura ya 4: Mkilua Uani

Mtaa wetu wa Tabata huamshwa na chelewa. Kabla ya chai, kabla watoto hawajavaa sare, fagio zinaanza kukwaruza mchanga wa nyua: kwa jirani wa kushoto, kisha nyumba ya nyuma, kisha kwangu. Ukipita saa moja asubuhi unakuta mistari ya ufagio imelala mchangani kama matuta madogo, na jani hata moja hakuna. Uwanja wa namna hiyo una lugha yake. Unasema hapa pana watu, na watu wenyewe ni wazima, wanaamka mapema. Nimelelewa katika lugha hiyo. Mama alikuwa akisimama mlangoni, mkono kiunoni, akikagua pembe za ukuta, na neno lake moja, “Rudia,” lilitosha kunianzisha upya.

Ndiyo maana sura hii ya mimea ya asili katika nyua ndogo za mjini siianzi na mbegu, wala udongo, wala maji. Naianza na ufagio. Kila ninapozungumza na watu juu ya kupanda nyumbani miti ya pwani yetu, wengi hunijibu kwamba hawana nafasi. Nikiingia kwao nafasi naiona: ukanda wa mita moja kando ya ukuta, pembe nyuma ya choo cha nje, sehemu iliyo chini ya kamba ya nguo. Ipo, ila imefagiliwa. Mche uliojiotea hapo umeng’olewa ukiwa na majani mawili, kwa sababu hakuna aliyeupanda, na kinachoota bila kupandwa sisi hukiita gugu.

Uani kwangu ni mita 4 kwa 7. Toa karo la kufulia, tangi la maji na njia ya kupita, zinabaki kama mita 15 za mraba. Leo ndani ya mita hizo 15 umesimama mtopetope mwitu unaonizidi kimo, mbungo unaoparamia ukuta, vichaka vitatu vya kivumbasi, safu ya sansevieria kando ya tangi, mnavu na mgagani mahali palipokuwa na kifusi, na upande wa kivuli cha nyumba, mkilua. Huo wa mwisho ndio ulionitia katika kazi hii yote, hivyo hauwezi kungoja zamu yake.

Shangazi yangu aliishi Tanga. Nyuma ya jiko lake palikuwa na mti mdogo ambao usingeugeuzia shingo: matawi yamelegea, majani ya kawaida tu, maua yake yana rangi ya kijani iliyoelekea manjano, yamejificha katikati ya majani hata pua inayapata kabla ya macho. Jioni, akishatoka kuoga, shangazi alikuwa akiniita. “Mwanangu, hebu niangalizie kilua.” Nilirudi na maua matatu au manne kiganjani. Aliyafunga pamoja na asumini na majani ya mrehani yakawa kikuba, akakibandika kwenye nguo kifuani. Yaliyobaki aliyatia sandukuni, katikati ya kanga zilizokunjwa. Nikikutana na harufu ile leo, mahali popote, naona lile sanduku na kufuli lake.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma jina la kitaalamu la mti ule. Mwaka 1970, Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa bustani ya kifalme ya Kew nchini Uingereza, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Nairobi, aliutangazia ulimwengu jenasi mpya akaiita Mkilua. Jina kamili la mti likawa Mkilua fragrans. Wataalamu wa mimea kwa kawaida huchota majina yao katika Kilatini na Kigiriki, au humpa mmea jina la rafiki yao. Hapa neno la Kiswahili limechukuliwa zima kama lilivyo, pamoja na ile M ya ngeli ya miti. Limeongezewa fragrans tu, yaani wenye kunukia, jambo ambalo shangazi hakuhitaji kuambiwa. Jenasi hiyo ina spishi moja peke yake, na kwao duniani ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, basi.

Sasa nenda kwa wauza miche wa Dar es Salaam ukaulize mkilua. Mimi nimezunguka. Nilioneshwa mlangilangi, ambao asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Nilioneshwa asumini za aina tatu, waridi, na bogenvilia za rangi zote, nao huo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Yote mizuri, na asumini ninayo hadi leo kwa sababu kikuba hakikamiliki bila hiyo. Mkilua sikuupata. Vijana waliokuwa wakiuza walikuwa hawajawahi kulisikia jina, isipokuwa mmoja aliyelijua kutoka kwenye taarabu akidhani ni aina ya manukato ya dukani.

Nataka tuelewe hali hiyo ilivyotokea, maana haikuja yenyewe. Mwaka 1893 unaeleza mengi. Mwaka huo Wajerumani walianzisha bustani ya mimea ya Dar es Salaam, ile iliyoko karibu na Makumbusho ya Taifa, kwa kazi ya kujaribu mazao ya biashara kutoka pande zote za dunia. Mwaka huohuo Richard Hindorf aliingiza mkonge kutoka Florida. Kati ya miche kama 1,000 aliyoagiza, 62 tu ndiyo iliyofika na kuishi, na kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyobadilisha sura ya Tanga nzima. Na mwaka huohuo, huko Hannover, Hermann Wendland alieleza kitaalamu ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Usambara, alikuwa amemtumia baba yake Ujerumani. Aliliita Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo wanaliita urujuani wa Usambara. Limekuwa mojawapo ya maua ya chungu yanayopendwa kuliko yote Ulaya na Marekani, likizaliwa na kuzalishwa kwenye mabanda ya vioo kwa aina zisizohesabika, na kwenye madirisha ya nyumba za Tanga, kilomita chache kutoka kwenye miamba lilikotoka, hulioni.

Mkonge uliingia, urujuani ukatoka, nasi tukaachwa tukiamini kwamba mimea yenye thamani ni ile inayoshuka melini.

Ua jingine lililotoka hivyo ni lile laini la rangi ya waridi, jekundu au jeupe, linalopandwa kivulini kwenye bustani za dunia nzima. Katika karne ya 19 John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Unguja, aliupeleka mmea huo Kew, wakaupa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye wataalamu waliona ni spishi moja na Impatiens walleriana, jina linalotumika sasa. Mmea ni wa huku kwetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Ukiuona kwenye bustani ya hoteli leo, umetokana na mbegu ya pakiti yenye picha na maandishi ya kigeni.

Lakini lililonichoma zaidi ni la zamiokulkasi. Bila shaka umeuona: fimbo nene zilizosimama, majani mazito yanayong’aa kana kwamba yamepakwa mafuta, kwenye chungu cheupe katika benki, saluni na ofisi za mawakili. Niliuulizia kwa muuzaji mmoja kando ya barabara ya Bagamoyo. Akaniambia kwa fahari, “Huu unatoka Uholanzi, dada, ndiyo maana bei imechangamka.” Hakusema uongo. Wakulima wa maua wa Uholanzi ndio walioanza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990. Ila kwao ni hapa. Huota wenyewe chini ya miti ya misitu ya pwani, kuanzia Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, kushuka hadi Afrika Kusini. Una viazi chini ya udongo vinavyoweka maji, hivyo kiangazi chetu hauujali. Jani moja lililoanguka, ukilichomeka mchangani na kulisubiri kwa miezi, hutoa kiazi na kisha mmea mpya. Mmea wa aina hiyo, uliofundishwa na pwani hii kustahimili pwani hii, tunaununua kama mgeni kutoka kwenye nchi ya baridi. Niliununua. Nyumbani niliutoa kwenye chungu nikaupanda ardhini, chini ya mtopetope, mahali panapofanana na kwao.

Hapa lazima niseme ninachokusudia nikisema mmea wa asili, kwa sababu neno hili limezoea kuteleza.

Wengi wakiambiwa wataje mti wa asili hutaja mwarobaini. Umezagaa pwani nzima, bibi zetu waliutumia, na jina lake la maradhi arobaini ni letu kabisa. Lakini mwarobaini kwao ni India na nchi jirani zake. Mkungu wa kivuli cha baraza umetoka Asia. Mkrismasi, ule unaowaka mwekundu kila Desemba, ni wa Madagaska. Mwashoki uliopangwa kama askari mbele ya nyumba mpya ni wa India na Sri Lanka. Upande wa pili umesimama mkwaju: Waarabu waliuita tende ya India, wanasayansi wakalichukua kosa hilo na kuuandika Tamarindus indica, kumbe mkwaju ni mti wa Afrika.

Tena mpaka wa nchi haupimi asili. Mti uitwao Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi, ni wa asili katika misitu ya upande wa Ziwa Viktoria, Bukoba ikiwemo. Ulipopelekwa Usambara Mashariki kwa ajili ya mbao, hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazitawanya mbegu, na ukaingia msituni ukachukua nafasi za miti ambayo haipatikani mahali pengine popote duniani. Ni mti wa Tanzania, umezaliwa Tanzania, na huko Amani, Usambara Mashariki, ni mvamizi. Kwa hiyo nikisema asili kwa uani wa Dar es Salaam, nina maana ya mimea ya ukanda huu: ile ambayo ungeikuta kwenye misitu ya Pugu, Kazimzumbwi, Vikindu au Pande, au kwenye vichaka vya mchanga wa Kigamboni kabla havijafyekwa kwa viwanja.

Simwambii mtu ang’oe mwembe wake. Mwembe ulitoka Asia nasi tumekuwa nao muda mrefu kiasi kwamba tumeuwekea methali. Pwani hii imejengwa na wageni waliokaribishwa, kwenye chakula, kwenye lugha, kwenye mavazi, na bustani yake haiwezi kuwa tofauti. Ninachoomba ni wenyeji nao wapate kiti.

Na sababu ya kuwapa kiti si hisia peke yake. Chukua jani la mtopetope mwitu wangu na jani la mwarobaini wa barabarani. La mwarobaini ni safi, halina tundu. Watu hulisifia hilo. Lina kemikali kali inayozuia wadudu kula na kukua, ndiyo maana wakulima hulitwanga wakanyunyizia mboga. Jani la mtopetope limetobolewa. Kwa miaka miwili ya kwanza nilihangaika na matundu yale, nikinyunyiza maji ya sabuni, mpaka siku moja nilipokaa na kumtazama mlaji wake mpaka mwisho. Alikuwa kiwavi. Akajining’iniza kwenye kitawi, akawa kifuko cha kijani kama jani lililokunjwa, na siku kadhaa baadaye akatoka kipepeo mweusi mwenye mabaka meupe. Vipepeo wa jenasi ya Graphium hutaga mayai kwenye jamii ya mitopetope, na mkilua, kama unavyoweza kukisia kutokana na ua lake, ni wa ukoo huohuo.

Kipepeo si mchaguzi wa maua kiasi hicho. Hunywa utamu kwenye bogenvilia, kwenye lantana, popote. Uchaguzi wake mkali uko kwenye yai. Kila mmea una sumu zake za kujilinda, na kila ukoo wa vipepeo umejifunza, kwa maelfu ya vizazi, kuzimeza sumu za mimea michache tu. Mtoto akiwekwa kwenye jani geni hufa njaa juu ya chakula. Mara nyingine bahati hutokea: kipepeo mkubwa wa rangi nyeusi na manjano unayemwona kwenye milimau, Papilio demodocus, zamani alikula miti ya porini ya ukoo wa mlimau, na ndimu zilipoletwa alitambua ladha ya nyumbani. Lakini mwashoki wa India hauwezi kuwa kila kitu kwa kila kiwavi.

Wanaolijua jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote ni wakulima wa vipepeo. Pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede nchini Kenya, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993. Amani nako wanakijiji walikuwa na mradi wa namna hiyo, uliouza nje hadi mwaka 2016. Wa Gede wanafuga viwavi, wanauza vifuko kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mkulima wa pale haongei juu ya maua hata kidogo. Anaongea juu ya majani: spishi gani hula mti gani, machipukizi yako tayari lini. Kwa ajili hiyo amepanda miti ya msituni nyuma ya nyumba yake, na anaitunza kama wengine wanavyotunza mbuzi.

Viwavi nao ni chakula. Chozi anayeruka kwenye maua kunywa utamu hulisha makinda yake wadudu laini. Shore hivyohivyo. Kwangu, tangu majani yaanze kutobolewa, shore wamejenga mara mbili kwenye mbungo. Kunguru wa India, waliofikishwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamelitawala jiji letu, walikivunja kiota cha kwanza. Cha pili kilikuwa ndani zaidi, mahali ambapo mbungo umejisokota hata mkono hauingii, na makinda yaliruka.

Haya, tupande.

Udongo wa uani wa mjini kwa kawaida si udongo. Nilipochimba kwangu nilipata vipande vya matofali, chokaa ya saruji, mifuko ya plastiki na kandambili moja. Wengine huagiza lori la udongo mwekundu. Mimi nashauri usiagize. Mimea ya pwani imezoea kichanga kikavu kisicho na rutuba nyingi, na ukiilisha sana hurefuka bila nguvu ikaangushwa na kusi. Toa kifusi kwenye shimo la upana na kina cha nusu mita, rudisha mchanga uleule pamoja na ndoo moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri, kisha funika juu kwa majani makavu. Ndiyo, yaleyale unayoyafagia.

Panda masika ikianza, Machi mwishoni, ardhi ikishalowa. Dar es Salaam hupata mvua kama milimita 1,100 kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika, kisha vuli kidogo. Mche uliopandwa Aprili unapata miezi ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi. Mwaka wa kwanza usiuache: chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kitundu kizibuni, ikifukiwa kichwa chini kando ya shina, hutosha kwa siku tatu nne. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, tumia ya mvua kwa miche midogo. Mwaka wa pili punguza. Wa tatu, mtopetope wangu haukupata hata kikombe kutoka kwangu, na ulizaa.

Katika mita 15 mti ni mmoja, na uwe mdogo. Hapa ndipo mapenzi huwaponza watu. Mbuyu ni wa asili, mkuyu ni wa asili, msandarusi ulioipa Zanzibar utajiri wa biashara ni wa asili, lakini mkuyu ukipandwa kando ya shimo la maji machafu utakuja kuuona mzizi wake bafuni. Mkwaju ukuaji wake ni wa polepole, ila wajukuu wako wataukata kwa uchungu. Miti hiyo viachie viwanja vya shule na misikiti. Uani unataka mtopetope mwitu, unaosimama kwenye mita 3 au 4 na kuzaa matunda madogo ya manjano yenye harufu tamu kuliko nyama yake. Au mkole. Wazaramo hawahitaji kuelezwa na mimi mkole ni nini kwa mwali, na nadhani mti wenye heshima hiyo unastahili kuonekana Ilala, si Kisarawe tu.

Ukuta ni shamba lililosimama. Mbungo ukipewa waya hupanda, hutoa maua meupe yenye kunukia, na baada ya miaka kadhaa mabungo ya rangi ya machungwa. Mzanzibari ataacha kazi yoyote kwa sharubati yake wakati wa futari. Unataka kupogolewa kila mwaka bila huruma, maana msituni umezoea kupanda hadi kilele cha miti. Ukiukata hutoa utomvu mweupe unaonata, basi vaa nguo ya zamani.

Kwenye jua, kivumbasi. Huota kwa mbegu za kutupa tu, nyuki huujaza kutwa, na jioni tawi lake likifikichwa mlangoni husaidia kufukuza mbu. Kwenye kivuli kikavu, sansevieria na zamiokulkasi. Kama una kiraka kwa ajili ya watoto kukaa, zipo zile nyasi nene ziitwazo Pemba, ambazo ni za mwambao wa Bahari ya Hindi na hazichukii chumvi. Mboga nazo ni za asili: mgagani na mnavu hukua kwenye kopo, na kwa wiki mbili baada ya mvua sinunui mboga sokoni.

Ila asili haina maana ya salama. Gloriosa, ua la moto linalopanda kwa ncha za majani, ni zuri kupita kiasi na lina sumu kuanzia kiazi hadi mbegu. Adeniamu, lenye shina la chupa, utomvu wake ulitumika kwenye mishale. Utomvu wa zamiokulkasi huwasha ngozi na mdomo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isubiri kidogo.

Miche utaipata wapi? Jibu rahisi lingekuwa msituni, nalo ni baya. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi kwa sheria, na imeshamegwa kwa mkaa na viwanja kiasi kwamba kila anayechimba mche anaendeleza kazi ileile kwa nia njema. Mabungo hununuliwa sokoni. Yale mapande yanayotemwa yana mbegu, zipande zikiwa mbichi. Topetope za porini huuzwa na kina mama wa njia ya Kisarawe zikiwa msimu. Mbegu za miti mikubwa ya asili huuzwa na serikali kutoka Morogoro. Mkilua, tafuta wazee. Uliza Tanga, Pangani, Bagamoyo, Unguja, kwenye nyumba zenye kisima cha zamani uani. Mimi nilirudi kwa shangazi. Alikuwa ameshafariki, nyumba ina wapangaji, jiko limehamishwa. Mti ulikuwepo. Mpangaji alikuwa akianikia sufuria juu yake, na alinitazama kwa mshangao nilipopiga magoti kuokota matunda. Nilipanda mbegu 11 kwenye makopo ya maziwa. Ziliota 4.

Sasa turudi kwenye ufagio, maana nilipoacha majani yakae chini ya miti ndipo matatizo yalipoanza. Jirani yangu wa kushoto, Bi Mkubwa tunavyomwita mtaani, alinivumilia wiki mbili kisha akanijia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mzima? Niliona uani pamechafuka nikasema labda unaumwa.”

Alikuwa na hoja zake, nami nazichukulia kwa uzito kwa sababu ndizo alizokuwa nazo mama yangu. Nyoka. Mbu. Na watu watasema nini.

Nyoka hufuata panya na vyura, na hupenda pa kujificha: matofali yaliyorundikwa, mabati ya zamani, magogo. Nikaondoa rundo la matofali lililokaa miaka sita, jambo ambalo uwanja wangu uliofagiwa ulikuwa umelifumbia macho. Tabaka la majani la vidole vitatu juu ya mizizi halifichi nyoka usimwone, na nikaacha mita moja tupu kati ya mimea na mlango. Mbu huzaliana majini. Dar es Salaam imepigwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hutaga kwenye vijimaji vidogo: sahani za vyungu, makopo, matairi. Nikatupa sahani zote za vyungu. Mmea uliopandwa ardhini hauna sahani.

La tatu, watu watasema nini, ndilo lililokuwa gumu, na lilinichukua mwaka mzima kulipatia dawa. Dawa ni ukingo. Nilipanga mawe ya matumbawe kwenye mstari ulionyooka, nyuma yake mimea na majani yake, mbele yake mchanga mtupu. Mchanga huo naufagia kila alfajiri kwa chelewa, kwa mistari, kama nilivyofunzwa. Anayepita anaona mistari kwanza, kisha mawe, kisha mimea, na anajua kwamba yote yamekusudiwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza kama naumwa.

Mkilua ulichanua mwaka wa tano, mwezi wa Novemba, vuli ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo. Sikuuona. Nilikuwa nikifua, nikasikia sauti ya Bi Mkubwa upande wa pili wa ukuta.

“Wee mwanangu! Una kilua humo?”

Alizaliwa Unguja, kumbe, na hakuwa amekinusa tangu alipoolewa akaja bara. Nilimpelekea maua mawili. Hakusema kitu, aliyafunga kwenye ncha ya mtandio akaenda ndani. Kesho yake nilimpelekea mche, mmoja kati ya ile 4 ya kwanza, uliokuwa bado kwenye kopo na mizizi imetokeza chini. Aliupanda mwenyewe, nyuma ya jiko, katikati kabisa ya uwanja ambao kwa miaka yote niliyomjua haukuwahi kubaki na jani. Asubuhi mimi husimama juu ya tofali nikamwamkia, nikaangalia mche unaendeleaje. Mistari ya ufagio wake inatoka ukutani imenyooka, ikifika pale inapinda, inauzunguka, kisha inaendelea hadi mlangoni.